Jibu: Gazeti gani la kila siku la kufuata Serbia?

Mkuu, umeuliza mdogo wako anayekwenda kusoma Belgrade afuate gazeti gani ili aielewe Serbia. Mimi ningemwanzishia Danas. Lilianza 1997, enzi za kiongozi wa Serbia Slobodan Milošević, na hadi leo linaikosoa serikali waziwazi. Linachapwa kwa herufi za Kilatini, kwa hiyo atalisoma hata kabla hajazoea zile za Kisirili, zinazofanana na za Kirusi.

Politika ni kongwe, lipo tangu 1904, na lenyewe ni Kisirili mwanzo hadi mwisho. Kurasa zake za utamaduni nazipenda sana, ila kwenye siasa linaegemea upande wa serikali. Informer na Kurir atayaona kila kibanda, vichwa vikubwa vya kutisha, asiyategemee. Kwa televisheni atafute N1, ila ni ya kebo.

Halafu, tafadhali, asome habari za Slavko Ćuruvija, mmiliki wa gazeti la Dnevni telegraf. Aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake katikati ya Belgrade tarehe 11 Aprili 1999, siku ya Pasaka ya Waorthodoksi, mabomu ya NATO yakiendelea kuanguka. Watu wanne waliokuwa maofisa wa usalama wa taifa walitiwa hatiani, kisha mahakama ya rufaa ikawaachia huru. Jambo hili linaniuma mno, maana waandishi wa kule wanafanya kazi wakijua hilo.

Kama Kiserbia bado hakijapanda, tovuti ya habari ya Balkan Insight wanaandika kwa Kiingereza, na uchunguzi wao ni wa kina.