Gitaa la Umeme kwa Simu: Tazama Njia ya Sauti Kabla ya Programu

Anayepiga gitaa la umeme katika mitaa ya Lamu anajua kwamba amplifaya si chombo cha kuwasha nyumbani usiku. Nyumba zimebanana, vichochoro ni vyembamba, na mlango wa pili huenda kuna mtoto aliyelala au mgonjwa anayetaka utulivu. Ndiyo maana mazoezi yangu nayafanya kwa simu na hedifoni, nikitumia programu zinazoiga amplifaya, na vijana wanaoanza huniuliza mara kwa mara ni programu ipi iliyo bora. Mimi huwajibu kwamba programu ije baadaye, kwa sababu kinachoharibu sauti mara nyingi ni njia inayotoka kwenye gitaa hadi kwenye simu.

Pikapu za kawaida za gitaa, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, zile zisizotumia betri, hutoa umeme dhaifu unaotaka kupokelewa na kifaa chenye ukinzani mkubwa, kwa desturi wa karibu megaohmu 1. Tundu la hedifoni la simu limetengenezwa kwa ajili ya maikrofoni ndogo, na ukinzani wake uko chini sana, kwa hiyo ukichomeka gitaa humo kwa adapta ya bei rahisi, sauti kali za juu hupotea na gitaa husikika kama limefunikwa blanketi. Zaidi ya hayo, sauti inayoingia na inayotoka hupita katika plagi moja na huvujiana, na ukiongeza mkwaruzo, ile sauti ya gitaa inayovurugwa makusudi, utasikia mluzi usiokatika. iRig ya kwanza, kifaa cha kuunganisha gitaa na simu kilichotoka mwaka 2010, ilitumia tundu hilo, na iliwafungulia wengi mlango. Lakini mwenye kununua leo ninamshauri atafute kiunganishi cha sauti cha USB chenye tundu la gitaa, kisichohitaji programu ya ziada ili simu ikitambue. Kama fedha ni chache, nunua hicho na utumie programu ya bure.

Jambo la pili ni ucheleweshaji, yaani muda unaopita tangu uguse uzi hadi usikie. Programu hupokea sauti kwa mafungu madogo: fungu la sampuli 128 (sampuli ni kipimo kimoja kidogo cha sauti), kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, ni kama milisekunde 2.7, na fungu la 512 linakaribia milisekunde 11. Muda huo hulipwa wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, na kiunganishi nacho huongeza wake. Milisekunde 10 kwa jumla hazina tabu, kwani ni sawa na kusimama mita tatu na nusu hivi kutoka kwenye spika. Zikizidi 20, vidole huanza kusitasita, na katika chakacha, ambako mkono wa kulia hauna nafasi ya kungoja, utajikuta nyuma ya ngoma. Anza na 128, na ukisikia sauti inakatika-katika, panda hadi 256. Simu za Android za zamani zilikuwa na udhaifu mkubwa hapa, na hali ilianza kuwa nafuu toleo la 8.0 lilipoleta njia mpya ya sauti mwaka 2017, ingawa hadi leo simu hutofautiana, hivyo ijaribu yako kabla ya kulipia chochote. Hedifoni za Bluetooth ziweke kando kabisa. Tumia za waya.

Sasa fungua programu. Piga kodi nzito, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa nguvu zako zote, huku ukitazama kipimo cha sauti inayoingia, na upunguze mpaka taa nyekundu isiwake hata mara moja. Mipangilio inayokuja tayari imejaa mkwaruzo wa roki, na kwa taarabu haifai: zima pedali zote, yaani vibadilisha sauti vya programu, chagua amplifaya safi, kisha rudisha mwangwi kidogo tu, kiasi cha kuusikia pale unapoacha kupiga. Sauti safi ndiyo ngumu kuipata, na ndiyo inayoonyesha mkono wa mpigaji.

Ukisikia mvumo, chomoa chaja kwanza, kwa kuwa chaja duni huingiza kelele. Pawabenki ni salama zaidi, na umeme ukikatika hutasimama. Jeki zifute kwa kitambaa kikavu kila umalizapo, maana hewa yetu ya chumvi hula chuma upesi.

Siku ya kupiga harusini, weka simu katika hali ya ndegeni ili mlio wa simu usitoke kwenye spika za ukumbi. Ukiunganisha na mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti, acha ikiwa imewashwa sehemu ya programu inayoiga kabati la spika, kwani bila hiyo sauti hukwaruza masikio. Ukiunganisha na amplifaya halisi ya gitaa, zima sehemu hiyo, kwa kuwa kabati liko tayari.