Jeki ikikataa kubeba usiitupe, anza na oili na upepo

Vijana mnaoanza gereji na nyie mnaotengeneza gari zenu wenyewe uani, hii ya jeki ya magurudumu naiandika kwa sababu inaniuma, kila mara naletewa jeki nzima kabisa mtu ameshaambiwa imekufa anunue nyingine. Mimi niko Tabora, huku Ipuli, na nyingi ninazoletewa shida yake ni oili imepungua au imeingia upepo, basi.

Iangalie kwanza inasumbuaje. Ukipampu ikapanda mpaka nusu ikagoma, hiyo oili imepungua. Ikiwa inapanda kwa kudundadunda na mpini una ulaini flani, ndani kuna upepo. Ila ikipanda vizuri halafu inashuka yenyewe taratibu na gari juu, hapo kuongeza oili hakusaidii, ni sili, yaani zile raba za ndani zinazozuia oili isipenye, zimechoka au kuna uchafu kwenye valvu ya kushushia, na jeki ya hivyo isibebe gari mpaka ifunguliwe.

Oili yake ni ya haidroliki, nyepesi, namba ya uzito 22 au 32 zinafaa jeki nyingi. Ya injini ni nzito na inatoa povu, oili chafu ndo usiguse kabisa. Mafuta ya breki je? Mwaka wangu wa kwanza fundi mkuu hayupo, oili ya haidroliki imeisha, nikaona chupa ya mafuta ya breki nikasema si yote yanasukuma tu, nikajaza. Haikuchukua muda sili zikavimba zikawa laini kama ubani uliotafunwa, jeki ikaachia Noah ambayo tairi tulishatoa, ikadondokea ile tairi niliyokuwa nimeilaza chini ya bodi kama nilivyofundishwa. Mkono wangu ulikuwa umetoka pale sasa hivi tu. Mafuta ya breki yanakula raba za jeki, raba zake sio za aina moja na za kwenye breki.

Sasa kujaza. Huku kwetu kiangazi vumbi halina mchezo, kwa hiyo kabla hujafungua chochote chukua mswaki wa zamani na kitambaa usafishe kuzunguka kizibo cha kujazia oili mpaka uone chuma, manake punje moja ya mchanga ikiingia inaenda kukaa kwenye gololi ya valvu na jeki haishiki tena. Ishushe mpaka mwisho, iweke sehemu tambarare, kizibo cha raba king'oe polepole kwa bisibisi bapa usikichane. Oili tia kwa bomba la sindano, ifike ukingo wa chini wa tundu halafu acha. Wengi wanajaza mpaka juu wakidhani ndo nguvu inaongezeka, matokeo yake haipandi mpaka mwisho au inatema oili. Ukikuta ya zamani imekuwa nyeupe kama maziwa ujue imeingia maji, mwaga yote weka mpya.

Upepo unatoka hivi: fungua valvu ya kushushia, pampu harakaharaka mara 10 hadi 15, funga valvu, ipandishe mpaka mwisho bila mzigo, ishushe, legeza kizibo upepo uhemee, angalia kimo cha oili tena. Rudia mpaka mpini ukaze. Hiyo valvu ya kushushia kuifungua mzunguko mmoja hadi miwili unatosha, ukiendelea kuzungusha inachomoka na oili inamwagika yote. Na kuna skrubu ya kuzuia mzigo kuzidi, imewekwa kiwandani, hiyo usiiguse hata kama mpini haukazi.

Grisi kidogo kwenye magurudumu na maungio, na ukimaliza kazi iache imeshuka, ile nondo inayong'aa inayotoka jeki ikipanda ikibaki nje inashika kutu na kutu ndo inachana sili.

Ardhi yetu ni ya kichanga, jeki inazama upande mmoja, mimi natembea na kipande cha mninga kipana cha kuwekea chini. Na gari ikishapanda weka stendi ya chuma ya kushikilia gari kabla hujaingiza hata bega, hata kama jeki umeijaza wewe mwenyewe asubuhi hiyo.