Petroli ibaki kwenye tangi

Wiki hii mmeuliza: spea ya zamani iliyoganda grisi na vumbi, unaisafishaje ukiwa nyumbani? Hapa Dar es Salaam ukimuuliza yeyote atakwambia, "Tia petroli." Mimi nalipinga jibu hilo kwa nguvu zote.

Kwamba petroli inasafisha haraka, sibishi. Lakini wengi wetu tunafanyia kazi hizi uani, kwenye nyumba za kupanga, jirani amewasha jiko la mkaa na watoto wanakatiza. Mvuke wa petroli unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto letu la Februari. Tena ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea. Unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango, mpaka ulikute jiko. Beseni linaweza kuwa kwako na moto ukaanzia kwa mwenzako.

Tumia mafuta ya taa. Mvuke wake hauwaki mpaka yafikie nyuzi 38 hivi au zaidi, kwa hiyo yaweke kivulini, usiyaanike juani, na moto uwe mbali. Najua tangu ushuru wake upandishwe mwaka 2011 kuzuia uchakachuaji, yaani kuyachanganya na mafuta ya magari, hayana unafuu wa zamani. Basi dizeli nayo inafaa. Inachelewa kidogo na inaacha utelezi, ila sabuni itautoa.

Hata hivyo, kazi kubwa ni ya mkono, na inafanywa pakavu. Chukua kipande cha mbao, kichonge ncha, ukwangue. Kwenye hedi ya pikipiki, kile kifuniko cha aluminiamu juu ya injini, tabaka la juu linabanduka vipande vipande, ni mchanga mtupu. Chini yake unakuta grisi nyeusi, laini, bado inang'aa. Hiyo ya chini ndiyo inayohitaji mafuta. Ukilowesha kabla ya kukwangua, mchanga wote unageuka tope na unaingia kwenye kila tundu. Na nasema mbao, si bisibisi, kwa sababu aluminiamu ni laini: mkwaruzo mmoja pale inapokaa gasketi, ile pakingi ya kuziba maungio, oili itavuja.

Loweka usiku kucha. Asubuhi pitisha mswaki wa zamani katikati ya mapezi, yale mabamba membamba ya kupoza injini, kisha osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, usuuze, ukaushe palepale. Kwa hewa yetu ya bahari, chuma kilichotolewa mafuta hakichelewi kushika kutu; kipake oili safi kabla hujakiweka kando.

Wapo wanaotumia kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni. Kwa aluminiamu ni sumu: inaila, inatoa gesi ya haidrojeni inayowaka, na ikikurukia jichoni inaweza kukupofusha. Pistoni na kabureta zisiiguse kabisa.

Breki nazo zina sheria yake. Mafuta ya taa, dizeli na oili huvimbisha mipira ya breki, kwa hiyo osha sehemu hizo kwa spiriti au mafuta ya breki yenyewe. Vumbi la ndani ya ngoma za magari ya zamani linaweza kuwa na asbesto, ambayo huleta saratani ya mapafu. Lilowesheni, mlifute kwa tambara bichi. Msilipulize kwa kompresa, na msimwachie kijana anayejifunza kazi alipulize kwa mdomo, jambo ninaloliona mara nyingi na linaloniumiza.

Mafuta machafu msimwage mtaroni. Mitaro yetu mingi inaishia Mto Msimbazi, na Msimbazi unaishia baharini. Yaacheni yatulie kwenye dumu lililokatwa. Uchafu utazama, mafuta ya juu yamiminwe yatumike tena. Tope linalobaki lichanganyeni na unga wa mbao, mafundi seremala wa Keko wanao tele, mlifunge na kulipeleka kwenye gereji inayokusanya oili chafu.