Kinyago kigeuze kwanza: kununua vitu vya mpingo Dar

Ukienda soko la vinyago la Mwenge kununua kinyago, usianze na sura. Kigeuze uangalie kitako. Juu kumepigwa msasa na nta mpaka kunang'aa. Chini mafundi wengi hawapotezi muda, na hapo ndipo mti unapojitaja.

Mpingo una rangi mbili. Mbao ya nje ni nyeupe ya kuelekea manjano, kiini ni cheusi chenye kahawia au zambarau kwa mbali. Kinyago kikiwa cheusi tii kila upande, sawasawa kama sufuria ya kuni, shuku. Wengi husugua kitambaa chenye maji na kikitoka kichafu wanapiga kelele, lakini hata mpingo wa kweli hung'arishwa kwa rangi ya viatu. Mwombe muuzaji akwangue kidogo kitakoni kwa kisu: mpingo ni mweusi hata chini ya mkwaruzo, mti uliopakwa utaonyesha weupe. Kwa vitu vidogo kama kijiko, glasi ya maji inatosha, maana mpingo huzama. Mti mweupe nao si dhambi. Kenya wanachonga jakaranda vizuri sana. Ubaya ni kuulipia bei ya mpingo.

Halafu nyufa. Tafuta kitakoni kitone ambacho pete za mti zinakizunguka. Huo ni moyo wa gogo, na ukiwa ndani ya kinyago ufa huanzia hapo na kupanda juu. Mti uliochongwa mbichi ukiingizwa kwenye nyumba yenye hita Ulaya hukauka nje upesi kuliko ndani, ndipo hupasuka. Ukifika kifunge kwa magazeti, kikae kabatini wiki kadhaa, kisha kipake nta. Vumbi laini linalomwagika kwenye vitundu ni wadudu: kirudishe mezani.

Kwa safari, sehemu nyembamba ndiyo hukatika. Mmasai mwenye mkuki, chagua ambaye mkuki wake unachomoka. Kinyago cha ujamaa, kile cha watu waliopandana, kijaze nguo kwenye matundu yote kabla ya kukifunga. Doti ya kanga hufanya kazi hiyo na yenyewe ni zawadi, ila soma jina lake kabla hujampelekea mama mkwe.

Michoro ya Tingatinga huchorwa kwa rangi ya mafuta inayochelewa kukauka. Bonyeza kwa kidole gumba penye rangi nene, mfano madoa ya chui. Alama ikibaki, chukua mwingine. Usikunje. Uviringishe kwenye bomba pana, rangi ikitazama nje, juu yake karatasi ya kuokea. Gazeti huacha wino.

Pembe za ndovu, magamba ya kasa, matumbawe na makombe ya baharini viache, hata vikiuzwa hadharani ufukweni. Uwanja wa ndege hamna mjadala. Ngoma yenye ngozi ya manyoya nayo ina usumbufu wake. Mpingo umo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, pamoja na jamii yake yote ya Dalbergia, ila vitu vilivyokwisha kutengenezwa visivyozidi kilo 10 za mti huo kwa mzigo mmoja havihitaji kibali chake. Omba risiti iliyoandika "mpingo", na ukiingia Australia au New Zealand tangaza kila kitu cha mti kwenye fomu.