Mtoto anajificha kwa kufunika macho: hajui kwamba ninamwona?

Swali: Mwanangu ana miaka 3 na nusu. Tukicheza kujificha, anasimama katikati ya nyumba, anafunika macho kwa viganja na kusema hayupo. Mbwa wetu naye, nikigeuka tu, ameshaiba samaki wetu wadogo, sambaza. Mume wangu anasema mbwa amemshinda mtoto akili. Ni kweli? (Mama wa Kadutu, Bukavu)

Jibu: Hapana, mama. Mwanao anajua kwamba mwili wake unaonekana. Watafiti wa Cambridge waliwauliza watoto wa miaka 3 na 4 waliofunikwa macho, wakatoa matokeo mwaka 2012: wengi walisema mwili wao unaonekana, ila wao wenyewe hawaonekani! Kwao, kuonana ni macho kukutana na macho. Hebu funika yako wewe, umuulize kama anakuona. Usishangae akijibu hapana huku anakutazama.

Hapa kuna maswali mawili. Mwenzangu anakiona kitu hiki au hakioni? Hilo mtoto huliweza mapema, kati ya miaka 2 na 3. Na je, anakionaje kutoka alipo? Hilo huchelewa hadi miaka 4 hivi, kama alivyoonyesha mwanasaikolojia John Flavell wa Marekani na wenzake. Weka picha ya mbuzi mezani kati yenu, miguu ikielekea upande wake, kisha muulize wewe unamwona amesimama au miguu juu. Wa miaka 3 kwa kawaida hujibu anavyoona yeye. Tena wengi wa umri huo wakiulizwa jambo kwenye simu huitikia kwa kichwa, shangazi wa Goma akabaki anasubiri.

Mbwa wako hujibu swali la kwanza tu. Katika jaribio la mwaka 2003, mbwa waliokatazwa chakula walikiiba zaidi mtu alipogeuka au kufumba macho. Huenda wamejifunza tu kwamba macho yakiwatazama watagombezwa. Ushahidi kuhusu sokwe mtu, jamaa za hawa wetu wa Lwiro (kituo cha kutunzia sokwe karibu na Bukavu), unashawishi zaidi: mwaka 2000 mtafiti Brian Hare na wenzake waliona sokwe mnyonge akipendelea chakula ambacho mbabe hawezi kukiona. Lakini kwa mbuzi wa mezani, mbwa wako simwekei dau.

Ningekutuma kwa daktari kwa jambo jingine: mtoto wa mwaka mmoja na nusu asiyeonyesha kitu kwa kidole wala kutazama unakoonyesha wewe.