Afande Akisema Hapati Usingizi

Wadogo zangu wa intani, karibuni Tanga. Wiki hii nimekuta tena faili la askari aliyerudi misheni ya kulinda amani limeandikwa "hapati usingizi, diazepamu", yaani dawa ya kutuliza na kulaza. Basi! Nimechoka kusema kwenye raundi, sasa naandika.

1. Uliza mlipuko kabla ya ndoto. Vijana wetu wamekwenda Darfur na Kongo. Waliokuwa Semuliki, mashariki mwa Kongo, Desemba 7, 2017 walishambuliwa kambini kwao kwa saa kadhaa. Bomu linaweza kumtikisa mtu ubongo bila kumchubua ngozi. Wala usiishie kwenye "ulizirai?", maana wengi hawakuzirai. Masikio yalivuma? Alitapika? Kuna kipande hakikumbuki?

Hili nimelijua kwa aibu. Afande mmoja, mpole, aliingia akavuta kiti hadi ukutani ili autazame mlango. Nikajisemea, kiwewe hicho, hakuna la kutafuta. Ndoto za vita, hasira, kushtuka bodaboda ikipiga ekzosi, na miezi imepita tangu arudi. Aliposema kichwa kinamuuma nikaandika "mawazo". CT skani, picha ya ndani ya kichwa, ikaja safi, nikazidi kujiamini, kana kwamba sikufundishwa kuwa mtikisiko mdogo mara nyingi hauonekani humo. Nikampa diazepamu, nikaongeza dozi. Kila akirudi ulimi mzito zaidi, nami naandika "ametulia". Mkewe ndiye aliyenizindua: "Daktari, anabandika chai anaisahau, nyumba inajaa moshi. Na usiku akienda msalani anashika ukuta."

Nikamwambia afande atembee, kisigino kiguse vidole vya mguu wa nyuma. Hatua ya tatu akaegemea kabati la dawa, akacheka kwa haya. Kipimo cha bure, na sikuwahi kukifanya. Alikuwa na vyote viwili, kiwewe na jeraha la ubongo, na dawa yangu ilikuwa inamwongezea kusahau na kuyumba. Kumwachisha nako kazi: dozi inashuka taratibu, ukikata ghafla unaweza kumletea degedege.

2. Mke asikilizwe peke yake. Mbele ya mkewe, afande yuko fiti siku zote.

3. Hesabu panado. Siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, zenyewe huzaa maumivu ya kichwa.

4. Pombe: uliza, usihubiri.

5. Ukisikia ameshanyweshwa kombe, usikunje uso. Shehe alimsikiliza kutwa, wewe dakika tano! Uliza tu kama kuna mitishamba anayokunywa. Kisha mpeleke kwa mwenye ujuzi wa tiba ya mazungumzo, asimulie tukio hatua kwa hatua, wiki baada ya wiki. Sertralini, dawa ya sonona na kiwewe, huwafaa baadhi yao. Lakini mwenye kusahau apewe vikao vifupi, miadi iandikwe karatasini, na mkewe apigiwe simu siku moja kabla. Yule wangu alikosa miadi, nikamwandika "mkaidi".