Re: Kwanini Puerto Madryn wanawasherehekea Wawelisi?
Mkuu umeuliza inakuwaje mji wa bandari kule Argentina unasherehekea watu wa Welisi (Wales, kule Uingereza), iko hivi, tarehe 28 Julai 1865 meli ya Mimosa toka Liverpool ilishusha pale walowezi wa Kiwelisi kama 150 hivi, walikua wanaogopa lugha yao kumezwa na Kiingereza, ndo mana kila 28 Julai wanaadhimisha ile siku ya kutua na jimbo zima la Chubut ni sikukuu. Ila hawakukaa hapo bandarini, maji ya kunywa shida, wakasogea bonde la mto Chubut, na bila Watehuelche (wenyeji asilia wa huko) kuwafundisha kuwinda sidhani kama wangetoboa (hawa nao wangepewa siku yao bana). Hata jina Madryn limetoka hukohuko Welisi.